Pengo la Juzuu la Nane

"Taya, una mahali pa kukaa?"

"Niko bekari, dada Klava. Nina unga mpaka kwenye kope. Sema."

"Kaa kwanza."

Taisiya akakaa juu ya gunia la unga, simu kaibana kwa bega. Dada yake Klavdia hapigi simu asubuhi ila kama kuna msiba au umbea, na sauti ya leo haikuwa ya msiba.

"Nimeona tangazo kule mtandaoni, wanakouziana vitu watu wa hapa Serpukhov. Nakusomea: 'Natafuta juzuu la nane la vile vitabu kumi na viwili vya daktari aliyeandika tamthilia na hadithi fupi. Jalada la kijivu, chapa ya zamani. Ni zawadi kwa mwanaume mmoja mwema. Rimma.' Umesikia? La nane. La kijivu."

Taisiya akapangusa unga kwenye simu.

"Taya?"

"Nimesikia."

"Mumeo kapata mtu, mdogo wangu. Na huyo mtu anataka kuziba pengo lako."

Mwaka mmoja na nusu nyuma, Taisiya alitoka nyumbani kwa mumewe, Innokenti, ambaye humwita Kesha, fundi wa mabehewa ya treni, akiwa na sanduku moja na kitabu kimoja. Hawakupigana. Alimwambia tu, "Kesha, naishi na ukuta. Nikiondoka, utajua?"

Naye, kijiko kikiwa kwenye supu, akajibu, "Ukitaka kwenda, nani atakushika?"

Akaenda. Ila kabla ya kufunga mlango alichomoa juzuu la nane kwenye rafu. Vitabu vile vilikuwa vya bibi yake Kesha, Zinaida, aliyepanga foleni kwenye barafu tangu alfajiri ili aandikishwe kuvinunua, kisha akangoja miaka minne vikitoka kimoja kimoja. Kwa akina Golubtsov, ukoo wa Kesha, unaweza kuvunja vyombo vya harusi na usisemwe. Lakini kitabu kimoja kikipungua pale, ni kama jino la mbele limeng'oka.

Taisiya aliwaza hivi: kitabu atakifuata, na akikifuata atanikuta na mimi.

Hakuja. Talaka pia hawakuandikishana. Muhuri wa ndoa ukabaki kwenye pasipoti zote mbili, vitambulisho vya huko, na juzuu la nane likabaki kwa dada Klava, alikohamia, juu ya friji.

"Sasa utafanyaje?" Klavdia akauliza.

"Nitampa."

"Una wazimu?"

"Nataka nimwone."

Mchana ule ule akaandika: "Habari. Juzuu la 8 ninalo. Sitaki hela, niletee boksi la chokoleti."

Jibu likaja kabla hajaweka simu mfukoni: "Jamani! Ubarikiwe dada! Halijachanika?"

"Halijachanika. Lina doa la jamu ya cheri."

"Doa si kitu. Jumamosi saa sita mchana, stesheni, kwenye mgahawa?"

"Sawa."

Jumamosi theluji ya Machi ilikuwa inayeyuka na watu wanaingia mgahawani viatu vimelowa. Rimma alikuwa mwanamke wa kama miaka arobaini, koti jekundu, mashavu mekundu, mpishi wa kantini ya karakana ya treni. Alishaweka boksi la chokoleti mezani na kuagiza chai mbili na mikate ya kabichi kabla Taisiya hajavua glavu.

"Kula, dada. Umekonda."

"Huyo wa zawadi ni mumeo?" Taisiya akauliza, kama mtu anayeulizia viazi.

"Angekuwa mume wangu ningehangaika na kitabu?" Rimma akacheka. "Leo Jumamosi ya tano nampelekea kotleti zangu za nyama ya kusaga. Anakula, anashukuru, ananisindikiza mpaka kituo cha basi. Na bado ananiita Rimma Arkadievna! Jina langu na la baba, kama nimekwenda kumpima presha."

"Labda ni adabu."

"Adabu gani mwezi mzima? Hebu sikia kituko. Ana rafu ya vitabu, katikati kuna pengo. Mimi sipendi uchafu, nikapangusa vumbi, nikavisogeza vikabanana. Wiki ya pili nakuta pengo limerudi. Nikasogeza tena. Safari hii akanyanyuka mezani, chakula kiko mdomoni, akavitenganisha. Halafu akarudisha kibao chake, kakichonga mwenyewe kwa unene wa kitabu, ili visiegemeane. Nikamuuliza, 'Innokenti Pavlovich, kibao cha nini?' Unajua alinijibuje?"

"Alikujibuje?"

"'Pana mwenyewe.' Basi. Akaendelea kula."

Chai ilikuwa ya moto. Taisiya aliinywa yote kwa mkupuo mmoja.

"Nikasema moyoni," Rimma akaendelea, "nikimletea kitabu, pengo limeziba, na mimi napata pa kukaa. Haya, kilete nikione."

Taisiya akakitoa kwenye mkoba, ila vidole havikuachia.

"Kimekuganda, dada?"

Rimma akakivuta taratibu, akafungua jalada. Ndani kulikuwa na muhuri wa wino wa zambarau: KITABU HIKI KIMEIBWA KWA ZINAIDA GOLUBTSOVA. Ulikuwa utani wa bibi. Aliugonga kwenye vitabu vyote kumi na viwili ili kila mwazimaji aone haya. Rimma alishausoma mara kumi na moja kwenye rafu ya Kesha, na kila mara alicheka. Sasa hakucheka.

"Wewe ni nani?"

"Taisiya."

"Taisiya nani?"

"Golubtsova."

Kipaza sauti kikatangaza treni ya Moscow. Rimma akangoja kimalize.

"Kumbe pengo lenyewe lina miguu," akasema. "Na linakula mkate wangu wa kabichi."

"Nisamehe. Nilitaka kukuona tu."

"Umeniona. Nikoje?"

"Mtu mzuri. Ndiyo shida."

"Usinipake mafuta! Mwaka na nusu umemwacha mtu na kibao cha mbao, na mimi nakaanga kotleti kama mjinga." Akakiweka kitabu katikati ya meza. "Sema jambo moja tu. Sema humtaki. Nakipeleka leo leo, na hutanisikia tena."

Taisiya aliangalia kitabu. Aliangalia boksi la chokoleti. 

"Siwezi kusema hivyo."

"Basi kipeleke mwenyewe. Na chokoleti zangu nirudishie."

Akalivuta boksi, akalifungua pale pale, akala mbili mfululizo. Ya tatu akamsukumia Taisiya.

"Shika. Huko unakokwenda hamna mazungumzo, angalau uwe na kitu mdomoni."

Akiwa kwenye basi Taisiya akamwandikia Kesha: "Uko nyumbani?"

"Nipo."

"Nakuja."

"Sawa."

Vituo viwili vikapita. Simu ikaita tena: "Ndara zako za ndani ziko pale pale."

Kesha alifungua mlango kabla hajabisha. Nywele za pembeni zilikuwa zimeingia mvi.

"Umekuja."

"Nimeleta kitabu."

"Naona."

Taisiya akavaa ndara, akaenda kwenye rafu. Kibao kilikuwepo, kati ya la saba na la tisa, kimepigwa msasa kikalainika.

"Kwa nini hukukifuata?"

"Ningekuja, ungenipa kitabu mlangoni. Tukishapeana, ungebaki na sababu gani ya kurudi?"

"Mwaka na nusu, Kesha! Si ungesema!"

"Nilichonga kibao."

"Kibao kinaongea?"

"Nimeona kwamba hakiongei." Akajikuna shingo, akatazama dirishani, akarudi. "Mimi."

"Wewe nini?"

"Siku ile. Nani atakushika. Jibu lilikuwa mimi. Nilijua ulipofika ngazi ya chini."

"Nilisimama pale ngazi ya chini dakika kumi."

"Najua. Nilikuwa nahesabu."

Taisiya hakulia. Alichomoa kibao, akaingiza juzuu la nane. Likaingia bila kusukumwa.

"Na kibao hiki sasa?"

"Meza inayumba tangu ulipoondoka."

Taisiya akapiga magoti, akakitia chini ya mguu wa meza. Alikuwa bado yuko huko chini simu ilipoita. Ujumbe wa Rimma: "Limeingia?"

"Limeingia," akajibu.

"Basi aniletee bakuli langu la kotleti Jumatatu kazini. Likiwa limeoshwa."

"Nani huyo?" Kesha akauliza.

"Rimma. Anataka bakuli lake."

"Rimma Arkadievna," Kesha akamsahihisha, akakunja mikono ya shati, akaenda kuliosha. Akarudi na supu, sahani mbili, zimejaa hadi ukingoni. Akaziweka mezani, na hakuna tone lililomwagika.