Rangi ya Nne

Kiti kilikuwa kimetoweka, ila alama za miguu yake zilibaki. Mashimo manne madogo kwenye sakafu ya udongo, yaliyochimbwa na chuma kizito kwa zaidi ya miaka sitini.

Mkaguzi wa Polisi Eliza Nombo alichuchumaa kuyatazama. Hapakuwa na mchirizi wa kuburuzwa. Akageukia mlango. Kitasa kizima, bawaba nzima. Nondo za dirisha zote zilikuwa mahali pake.

"Mwizi aliingia kwa ufunguo," alisema.

"Au alikaribishwa," alijibu Koplo Cuthbert, kalamu ikiwa mkononi. Koplo alikuwa Mmatengo wa Mbinga hukohuko, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hakuna siku iliyopita bila kumtania mkuu wake aliyezaliwa kando ya ziwa. "Kwenu kwenye dagaa wa usipa wezi wanavunja milango, afande. Sisi huku mlimani wezi wetu wanapiga hodi."

"Andika, Koplo."

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Namswea, katika nyumba ya marehemu Mzee Bernadi Kinunda. Mlalamikaji alikuwa Ignatio, mwanawe wa kiume wa pekee, mtu wa miaka arobaini na kitu, koti limenyooshwa hadi kwenye kola.

"Umetutoa Mbinga kwa ajili ya kiti kimoja," Eliza alimwambia. "Nieleze."

"Anayekikalia ndiye mkubwa wa ukoo, afande. Jumapili tunamaliza msiba wa baba. Ndugu wote wanakuja. Mimi nakipaka rangi yangu, nakaa, mambo yamekwisha."

"Rangi ya nini?"

"Babu alikipaka kijani. Alipokufa, baba mkubwa akapaka bluu juu yake. Alipokufa yeye, baba akapaka nyeupe. Kila mkubwa na rangi yake."

"Mnaikwangua ya zamani kwanza?"

Ignatio alishtuka kana kwamba ametukanwa. "Hapana. Kukwangua ni kumvua marehemu nguo. Unapaka juu. Tena hupaki juu ya rangi ya mtu aliye hai. Huko ni kumwombea kifo."

"Ukishakaa, unapata nini?"

"Nasema nani alime wapi katika mashamba ya ukoo."

"Na umeshajua utakachosema?"

Ignatio alitazama nje. Mteremko wote ulikuwa umechongwa ngoro za kulimia, shimo kwa shimo, na chini yake mibuni imepangwa mpaka mtoni. "Shamba la bondeni nimeshampa neno mtu mmoja wa Songea. Analitaka lote, na mibuni yake."

"Sasa hivi analilima nani?"

"Mama na dada zangu wawili."

"Waende wapi?"

"Wanawake wana kwao walikoolewa."

"Mama yako aliolewa hapa," alisema Eliza.

Ignatio alinyoosha kola ya koti lake. Koplo aliandika hata hilo.

"Unamshuku nani?"

"Dada yangu mkubwa, Tadea. Anaishi Lundo, kule ziwani. Anauzia viti nyumba za wageni. Anachukua kiti kipya cha chuma, anakiharibu rangi makusudi ili kionekane cha zamani. Mtu mzima, hiyo ndiyo kazi yake. Jumatatu hii alikuwa hapa."

Mama Marselina, mjane wa marehemu, alikuwa barazani juu ya mkeka, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ufunguo wa chumba kile anao nani?"

"Mimi."

"Jumatatu uliona nani akiingia?"

"Macho yangu hayaoni tena."

Vidole vyake vilizama kwenye maharage, vikatoka na kokoto ndogo kama punje ya ulezi, vikaitupa uani.

"Tadea alikuja kufanya nini?"

"Kunisalimia."

"Aliondoka na nini?"

"Na baraka zangu," alisema Mama Marselina, akaupepeta ungo.

Eliza aliwapigia simu wenzake wa Mbamba Bay kuwajulisha, kisha gari likateremka kuelekea ziwani. Ignatio alikaa nyuma. Njia nzima alizungumza juu ya heshima ya ukoo, na njia nzima Eliza alikuwa akiwaza wanawake watatu wenye majembe ambao ifikapo Jumatatu hawangekuwa na pa kuyapeleka. Alijikumbusha kwamba yeye ni polisi. Kazi yake ni kutafuta kiti.

Tadea aliwapokea uani, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, aproni imejaa madoa, kipande cha msasa mkononi.

"Karibuni. Ningewakalisha, ila viti vyangu vina rangi mbichi."

"Dada Tadea, mimi ni Mkaguzi Nombo. Tunatafuta kiti cha marehemu baba yako. Hii ni hati ya upekuzi, na huyu mwenyekiti wa kitongoji atashuhudia. Si lazima useme lolote. Ukisema, linaweza kutumika mahakamani."

"Basi nitasema polepole, koplo asije akakosea. Viti viko kumi na kimoja. Tafuteni."

Vyote vilikuwa vya umbo moja. Miaka mingi nyuma Tadea alipima kiti cha baba yake, akampa fundi wa kuchomelea wa Mbinga vipimo, na tangu hapo hakuagiza umbo lingine. Kumi vilionekana vizee kabisa. Rangi nyeupe imebanduka, chini yake bluu inachungulia, chini ya bluu kijani, na kwenye maungio kutu imetambaa. Cha kumi na moja kilikuwa peke yake kando ya jiko, cha njano, kinang'aa, hakina mkwaruzo hata mmoja.

"Unafanyaje mpaka vizeeke hivi?" Eliza aliuliza. Alikuwa anataka kujua kweli.

"Si siri. Napaka kijani, kikauke. Napaka bluu, ikauke. Halafu nachukua mshumaa, nasugua nta pale ambapo mikono ya watu hupita. Hapa kwenye mikono ya kiti, hapa pembeni. Juu yake napaka nyeupe. Rangi haishiki penye nta. Nikipitisha msasa, inabanduka kama imekaliwa miaka arobaini. Kwenye maungio nanyunyiza siki na chumvi, nakiacha nje siku mbili, kutu inakuja yenyewe. Mwisho vanishi."

"Na watu wananunua?"

"Wageni wanapenda kitu kilichoteseka, mdogo wangu. Kuteseka kwenyewe ndiko hawakutaki."

Ignatio alikuwa ameshaanza kupita kati ya viti. Alisimama mbele ya cha tatu, akakishika mkono kwa upole. "Hiki hapa. Nimekulia miguuni mwa kiti hiki. Hata gizani nakijua."

Eliza alikipindua. Chini ya kikalio cha kiti palikuwa na rangi moja tu, ya kahawia, ile ya kuzuia kutu, laini kama sahani, na mishono ya kuchomelea bado myeupe. Alikwaruza ukingo kwa wembe. Chuma kipya kikametameta, na kwenye makali ya wembe ikabaki chembe ya nta.

"Hicho nimekimaliza wiki iliyopita," alisema Tadea. "Lakini asante, mdogo wangu. Kama kimekudanganya wewe, mteja hataniuliza maswali."

Koplo Cuthbert alikohoa kikohozi kirefu kisicho na mafua.

Walipindua vyote kumi. Vyote sawa. Tadea alizeesha kile tu ambacho jicho hufika. Chini, kila kiti kilikuwa mtoto mchanga.

"Amekitupa ziwani," alisema Ignatio. "Mfunge, afande, atasema."

Eliza hakumsikiliza. Alisimama katikati ya ua akitazama ule msasa mkononi mwa Tadea. Tangu walipofika alikuwa anatafuta kitu cha zamani, na ua ule ulikuwa umejaa vitu vya zamani visivyo vya zamani. Kila kilichopakwa rangi hapa kilikwanguliwa. Ndiyo kazi, ndicho chakula. Ila kimoja. Na ni nani katika dunia hii anayepaka kiti rangi, halafu anaogopa kukikwangua?

Akaenda jikoni, kwenye kiti cha njano.

Kwa mara ya kwanza Tadea aliuweka msasa chini.

"Hiki mbona hujakikwangua?" Eliza aliuliza.

"Hicho hakikwanguliwi."

Alisaidiana na Koplo kukipindua, na Koplo akaulalamikia mgongo wake kwa Kimatengo. Kilikuwa kizito maradufu ya vingine. Huku chini nako kulipakwa njano, kwa uangalifu, kila kona. Eliza alichanja alama ndogo isiyozidi kucha. Njano. Nyeupe. Bluu. Kijani. Kisha chuma cheusi. Hapakuwa na nta.

"Ulikichukua wewe?"

"Mimi. Jumatatu, mchana, watu wakiwa mashambani. Nilikipakia kwenye pikipiki ya mizigo."

"Peke yako?"

"Nabeba chuma kila siku."

"Mlango ulifunguliwa na nani?"

"Ufunguo niliuchukua mwenyewe. Mama hakuona."

"Macho yake," alisema Eliza.

"Mabovu sana."

Eliza alikirudisha kiti kwenye miguu yake. "Ungekipaka nyeupe na kukipitisha msasa kama hivi vingine, nisingekitazama mara mbili. Kwa nini hukufanya hivyo?"

"Nilikuwa nimepanga hivyo. Nilikaa na msasa mkononi jioni nzima." Tadea alifuta mikono kwenye aproni. "Ningekikwangua, ningekuwa nimeiba kiti. Nilipokipaka, nimekirithi."

"Mwanamke hapaki kiti kile," alisema Ignatio.

"Alisema nani?"

"Haijapata kutokea."

"Imetokea Jumatatu." Sauti yake haikupanda. "Kwa baba yetu mimi ndiye wa kwanza. Ngoro za bondeni kazichimba mama, mimi mgongoni. Mibuni ile tulipanda na wadogo zangu, wewe uko shule, na ada yako ikatoka kwenye mibuni hiyohiyo. Leo umempa neno mtu wa Songea. Unataka kukalia kiti ili umng'oe mama yako shambani kwa mdomo wa babu zetu. Haya. Kiti kile pale, na rangi iko kwenye kopo, na brashi ninayo. Mimi niko hai. Paka juu yangu. Paka sasa, mwenyekiti na polisi wakikuona."

Ignatio alipiga hatua moja. Akaitazama ile njano. Mkono wake ulioanza kunyooka ukarudi mfukoni.

"Afande," alisema, "mimi nataka sheria."

"Sheria utaipata," alisema Eliza.

Alasiri hiyo kiti kilikuwa kwenye chumba cha vielelezo kituoni Mbinga, kimefungwa lebo mkononi. Ignatio alikuwa kaunta.

"Jalada la wizi limefunguliwa," Eliza alimwambia. "Litakwenda kwa mwendesha mashtaka, na dada yako atajibu. Amekiri."

"Vizuri. Nitakichukua Jumamosi."

"Kile ni kielelezo. Hakitoki, hakikaliwi, hakipakwi rangi, mpaka mahakama iseme."

"Na Jumapili?"

"Jumapili mtamaliza msiba kwa sala. Habari ya shamba ina baraza lake la ardhi. Kule mama yako naye anaulizwa."

Ignatio aliondoka kaunta. Yeye ndiye aliyewaita.

Ofisini, Tadea alikuwa ameketi kwenye benchi, mgongo umenyooka, Koplo Cuthbert mbele yake na karatasi ya maelezo.

"Jina kamili."

"Tadea Bernadi Kinunda."

"Umri."

"Hamsini na mbili."

"Kazi."

"Fundi wa rangi."

Koplo aliandika.

"Ongeza," alisema Tadea.

"Niongeze nini?"

"Mkubwa wa ukoo wa Kinunda."

Kalamu ilisimama. Koplo alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kwao nako kulikuwa na kiti, na hakuna mwanamke aliyewahi kukisogelea ila kwa ufagio. Akamtazama mkuu wake.

"Maelezo ni yake," alisema Eliza. "Andika anavyosema."

Koplo aliandika. Aliandika polepole, herufi kubwa kubwa, kama mtu anayechonga. Alipomaliza ukurasa hakuusukuma mezani kama alivyozoea kuwasukumia watuhumiwa. Alisimama, akaushika kwa mikono miwili, akamkabidhi.

"Usome kwanza, mkubwa," alisema.

Tadea aliusoma wote, toka juu mpaka chini. Kisha akaomba kalamu.