Nafasi Kando ya Baba

Soko la Fugalei, mjini Apia, lilifurika Jumamosi ile. Masina alikuwa akipita mbio kati ya mafungu ya majimbi, gauni lake refu la kijani, puletasi, likimbana magoti, alipogongana na kijana aliyebeba miche hadi kidevuni. Udongo ukammwagikia kifuani.

"Pole, bibie. Angalau sasa una bustani."

"Na wewe una macho?"

"Ninayo. Ndiyo yaliyonipoteza njia."

Masina akacheka bila kutaka. Kijana aliitwa Apelu, na kazi yake ilikuwa kusanifu nyumba na bustani za watu.

Masina hakuwa mtu wa kutulia. Kutwa alipokea simu za kampuni ya ng'ambo akiwa nyumbani, huku redio ya jirani ikiimba na kuku wakipita miguuni. Tangu baba yake afariki, usingizi nao ulimkimbia. Akamwambia Apelu palepale sokoni, "Nitengenezee nyumba ambamo mtu anaweza kupumua."

Apelu akaja. Akatenga chumba cha kazi upande wa upepo, akapanda midimu kuzuia kelele za barabara. Miche ilipochipua, simu kati yao nazo zilikuwa haziishi.

"Umekula?" Masina aliuliza.

"Nasikiliza sauti yako."

"Haishibishi hiyo."

"Basi kesho nakuja na samaki."

Mbele ya nyumba, kama kwa majirani wote, palikuwa na kaburi la baba, limepambwa vigae vyeupe. Kando yake Apelu aliacha nyasi tupu.

"Hapa umesahau," Masina alisema. "Weka benchi la saruji. Nikimaliza kazi nikae."

"Hapo sipagusi."

"Kwa nini?"

"Unajua ni pa nani, mpenzi."

Masina aligeuka, uso umemvimba. "Mama yangu mzima, anafua shuka pale nyuma, na wewe unampimia kaburi? Kunja futi yako uende."

"Masina..."

"Nenda, nimesema."

Simu zake hakupokea tena. Akaita mafundi wengine, wakajenga benchi.

Jumapili mama yake, Lupe, alirudi kutoka kanisani, amevaa puletasi nyeupe na kofia ya ukindu. Akalitazama benchi. Akavua viatu, akaketi juu ya kaburi la mumewe kama alivyozoea.

"Mama, kaa kwenye benchi."

"Nimekaa." Alipapasa vigae. "Nilimwomba Apelu aniachie hapo penye benchi. Sasa mimi, mwanangu, utanilaza wapi?"

Masina alizunguka benchi, akarudi, akazunguka tena. "Nilijua ni pako, mama. Nilifikiri pasipokuwa na nafasi, hutaondoka."

Lupe akamshika mkono ili asimame mahali pamoja. "Hata ukijenga kanisa hapa, siku yangu ikifika nitaondoka. Mpigie kijana wa watu."

Apelu alipokea upesi.

"Una nyundo kubwa?" Masina aliuliza.

"Ya kunipiga?"

"Ya kuvunja benchi. Mama kaniambia ndiye aliyekuomba. Nisamehe."

"Leo Jumapili, bibie. Tukigonga saruji leo, mchungaji atatutaja madhabahuni."

"Vunja kesho. Leo njoo ule."

Alifika na shati lililopigwa pasi, nywele zikiwa bado mbichi. Masina hakukaa, alibeba sahani, akaiweka, akaibeba tena. Apelu akamfuata hadi kwenye midimu.

"Nataka kukuoa."

"Simwachi mama."

"Nani kasema umwache? Nitahamia mimi."

"Unajua wanavyofanywa wanaume wanaohamia ukweni? Kila Jumapili utaamka kabla ya jogoo, uwashe moto wa kupasha mawe ya kuokea chakula. Wajomba zangu watakutuma hadi viatu viishe."

"Wajomba zako nimewaona, kutwa wamelala. Kutuma mtu kunataka uwe macho."

Masina akaziba mdomo, mabega yakimtikisika. Sauti ya Lupe ikatoka ndani, haina haraka:

"Masina, muulize kama anajua kukuna nazi."

Apelu akamtazama Masina, akingoja.

"Unajua?" Masina akauliza, polepole.

Apelu akakunja mikono ya shati. "Kibao kiko wapi?"