Ukwaju Ulipoanza Kumwasha Taha

Blauzi ya manjano iliruka kutoka meza ya mitumba, ikapita juu ya vichwa vya watu wa soko la Mtopanga na kumwangukia Suad begani, akiwa ameinamia karai lake la viazi.

"Hiyo yakupenda, dada wa buibui! Vaa, utanishukuru!"

Mwenye sauti hiyo alikuwa Taha, mnadi wa mitumba, shati jekundu, kofia kaivaa upande. Alikuja kuomba radhi, akaondoka na sahani ya viazi, ukwaju tele na pilipili ya kumtoa mtu machozi. Tangu hapo hakukosa alasiri hata moja. Simu za "ushakula, moyo wangu?" zikawa hazihesabiki, na nyumbani kwa kina Suad wakaanza kuulizana posa itafika lini.

Kisha Taha akakataa pilipili. Akakataa na ukwaju. Mwishowe hakuja kabisa, na Philister, jirani wa kibanda, akasema amemwona akinywa uji kwa Velma, muuza uji wa pale sokoni. Wivu ukampanda Suad. Akapiga simu.

"Velma ana nini nisichokuwa nacho?"

"Si hivyo, habibti. Ukwaju wako siku hizi waniwasha."

"Waniwasha! Na ulivyokuwa wairamba sahani!"

Akakata simu, akalia kidogo, akaonja ukwaju wake. Ulikuwa ule ule. Basi kilichobadilika ni kinywa cha Taha! Siku hizi hata kunadi alinadi kinyonge, na akitafuna alitafuna upande mmoja. Akaliacha karai kwa Philister, akamfuata Taha kwenye meza yake ya mitumba.

"Fungua kinywa."

"Suad, watu watuona!"

"Wallahi sitoki hapa."

Ubavuni mwa ulimi palikuwa na kidonda chekundu chenye weupe, kingo zake zimevimba.

"Kina muda gani?"

"Mwezi na zaidi. Nilidhani ni muguka, haya majani nitafunayo kutwa." Taha akainama. "Niliogopa, Suad. Mnadi akikatwa ulimi, babako atampa mke?"

"Mjinga wewe! Kidonda cha kinywa kikipita wiki mbili hakingojewi. Kesho twenda hospitali."

Walikwenda. Kikakatwa kipande kidogo, kikapimwa: saratani, lakini ilikuwa bado changa. Daktari alisema ataiondoa pamoja na sehemu ndogo ya ulimi, na tezi za shingo zitaangaliwa. Muguka ndiyo kwaheri. Suad aliogopa mno, akafurahi mno, vyote kwa pamoja.

Baada ya upasuaji Taha hakuweza kusema. Suad alimpigia simu, naye akajibu kwa kugonga meza: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

"Wanipenda?"

Ko!

"Umetafuna muguka?"

Ko, ko!

Miezi ikapita, kliniki baada ya kliniki, hadi alasiri moja sauti ikalipuka sokoni, ina kitembe kidogo, lakini ni ile ile.

"Haya, haya! Kijana wa Mtopanga! Ulimi una kovu, moyo mzima! Akichukuliwa harudishwi! Wazee wake waja na posa Ijumaa, ila ataka kusikia kwa mwenyewe kwanza. Suad, wanichukua?"

Soko zima likageuka. Suad alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, akilia huku akicheka. Akanyanyua upawa, akagonga karai.

Mara moja.