Sauti ya Celestine Ndani ya Diski

Kila Ijumaa, nyumbani kwa Persis huko Ekerenyo, kazi hufanywa mbio kabla jua halijazama. Maji huchotwa, matoke hubandikwa, nguo za kanisani hupigwa pasi. Sabato ikiingia, kila kitu hutulia. Hata kompyuta ambayo Persis huitumia kurekodi kwaya huzimwa. Mumewe, Ogeto, ndiye huizima. Huchomoa waya ukutani, basi.

"Izime taratibu, Baba Moraa," Persis humwambia.

"Sabato haingoji mashine ijivute."

Ijumaa moja alasiri, kompyuta iliganda. Kishale kilisimama katikati ya kioo. Persis alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Ndipo akasikia sauti kutoka ndani ya kasha: tik, tik, tik, kama ukucha unaogonga bati.

Humo ndani mlikuwa na wimbo wa Celestine, mdogo wake. Celestine aliongoza kwaya mpaka alipopasuliwa koo. Alipona, lakini tangu hapo hunong'ona tu. Rekodi ile ndiyo pekee iliyobaki na sauti yake, na haikuwa na nakala popote.

Ogeto alilipiga kasha kofi. "Ni baridi ya huku. Tuisogeze karibu na jiko, kisha tuizime na kuiwasha mpaka ikubali."

"Usiiguse," Persis alisema, akampigia simu Nereah, fundi wa kompyuta aliyepanga nyumba ya jirani.

Nereah alifika na mkoba wake. Ogeto akamtazama juu mpaka chini. "Ninyi wa ziwani mnajua samaki. Na kompyuta pia?"

"Na ninyi wa ndizi, shemeji, mmejuaje kurekodi kwaya?" Nereah alijibu huku akichuchumaa. Kisha alitega sikio, na utani ukamwisha.

"Kompyuta huganda kwa sababu nyingi," alisema. "Joto, virusi, waya uliolegea. Hii huganda wakati gani?"

"Nikifungua nyimbo," Persis alijibu. "Wiki nzima imekuwa nzito. Huo mlio umeanza leo."

"Basi nashuku diski. Hiyo ndiyo ghala la kila kitu ulichohifadhi. Ndani yake kuna sahani inayozunguka na mkono mdogo unaosoma. Diski ikizeeka, hushindwa kusoma, na kompyuta huganda ikiingoja. Ukiikatia umeme ghafla kila mara, unaizidishia maumivu."

Persis alimtazama mumewe. Ogeto alitazama ukuta.

"Kuna kijana sokoni huweka programu upya," Ogeto alisema. "Tumwite?"

"Akiweka upya sasa, huenda akaufuta wimbo. Diski ikianza kulia hivi, kwanza nakili vitu vyako. Kupima na kutengeneza ni baadaye."

Nereah aliizima kompyuta, akaitoa diski. Aliiunganisha na laptopu yake kwa waya mwingine, maana waya mbovu nao hugandisha. Diski yenyewe aliichomeka ukutani ipate umeme. Baada ya kitambo, majina ya nyimbo yakajitokeza.

"Sijui itavumilia hadi lini, Mama Moraa. Nianze na nini?"

Kulikuwa na kazi za kwaya zilizojiandaa kwa makambi, ile mikutano mikuu ya kanisa. Watu walikuwa wakizisubiri.

"Kwaya zinaweza kurudi kuimba," Persis alisema. "Celestine hawezi."

Mstari wa kunakili ulisogea, ukasimama. Tik. Ukasogea tena kidogo. Nje, jua lilikuwa limeshuka kwenye mashamba ya chai. Ogeto aliangalia dirishani, na kwa mazoea mkono wake ukaenda ukutani.

Persis aliudaka. "Ukizima sasa, unaizima sauti ya dada yangu."

Ogeto aliushusha mkono polepole. "Basi iache ijifanyie. Sisi twende tukaombe."

Waliikaribisha Sabato sebuleni. Persis aliimba kwa midomo tu; masikio yalikuwa chumbani. Walipomaliza kuomba, Nereah alikuwa amesimama mlangoni.

"Wimbo wa Celestine umeingia wote," alisema. "Nimeusikiliza mpaka mwisho. Nilipogusa za kwaya, diski ikafa kabisa."

Persis aliketi kitini.

Wiki iliyofuata aliziomba kwaya radhi, nazo zikarudi kuimba upya. Nereah alimwekea diski mpya, na akamfundisha kunakili kila kazi siku ileile anayoirekodi: nakala moja kwenye diski ya nje, nyingine kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine. Siku hizi Ogeto huanza kuizima kompyuta wakati jua lingali juu. Hufunga kazi zote, huamuru kompyuta ijizime, na haigusi swichi ya ukutani mpaka taa ya kasha izimike.

Flashi ya kwanza ilipelekwa kwa Celestine, huko Kiogoro. Persis alimvisha vipokea sauti masikioni. Celestine alifumba macho. Wimbo ulipofika katikati, alikunja uso.

"Hapo nilipotea," alinong'ona.

"Nikikate kipande hicho?"

Celestine alivishika vile vipokea sauti kwa mikono yote miwili. "Thubutu."