Mwiba Katika Mguu wa Nahodha

Kila siku, baada ya sala ya Alfajiri, Tahiya binti Khelef alikaa barazani kwao akafunga kamba za viatu vyake vya mpira, kisha akashuka mbio vichochoro vya Mkunazini mpaka kiwanja cha Mnazi Mmoja. Wazee waliokuwa wakirudi msikitini walijibana ukutani kumpisha. Muuza kahawa aliyekuwa akipuliza makaa yake humwambia kila alfajiri maneno yale yale:

"Nahodha! Msije mkatutia aibu huko!"

"Aibu tutawaachia wao, babu!" hujibu Tahiya bila ya kusimama.

Alikuwa na miaka kumi na minne, naye alikuwa beki wa kati na nahodha wa timu ya wasichana wadogo wa Zanzibar. Timu hiyo ilikuwa imefanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Iliwashinda wasichana wa nchi zilizo kubwa mara nyingi kuliko yao, ikapata nafasi ya kwenda Lusaka kushindana na timu bora za watoto wa Afrika. Kwa wasichana wa visiwa hivi hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ikawa mji mzima hauna habari nyingine. Wanawake waliokuwa wakisema kwamba mpira si kazi ya mtoto wa kike sasa waliwaombea dua watoto hao, na baadhi yao walidai kwamba tangu zamani wao ndio waliokuwa wakiwatia moyo.

Mwalimu wao, Bi Sichana, alikuwa mzaliwa wa Tumbatu, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu. Hakupenda kusema jambo mara mbili. Wiki ya mwisho kabla ya safari aliwakusanya wachezaji wake akawaambia:

"Sikilizeni. Wiki hii hakuna mpira wa pwani. Na atakayeumia, hata ukucha, aniambie siku ile ile. Asiyekuwa mzima siwezi kumtibu wala kumpangia kazi ikiwa sijui. Mmefahamu?"

"Naam, Mwalimu!"

Basi ni desturi ya watu wa Unguja kwamba anayesafiri huwaendea jamaa zake, akawaaga na kuwaomba radhi. Jumamosi ile Tahiya alipelekwa Paje kumuaga shangazi yake, Bi Nunu, ambaye alikuwa mkulima wa mwani. Ilikuwa siku ya bamvua. Maji yalikuwa yametoka mbali sana, na mchanga mweupe umebaki wazi, mgumu na mtambarare, hata kiwanja kizuri kuliko hicho kisingepatikana. Watoto wa kijiji walikuwa wanacheza mpira peku.

"Ndiye huyu nahodha mwenyewe?" aliuliza mvulana mmoja kwa kejeli. "Mbona mwembamba kama mambo ya kufungia mwani?"

Mambo ni vile vijiti vinavyochomekwa baharini ili kufungia kamba za mwani. Watoto wote walicheka. Tahiya alilikumbuka katazo la mwalimu wake, lakini dhihaka ile ilimchoma. Akavua viatu, akaingia uwanjani. Alimnyang'anya mpira yule mvulana mara tatu, na kila mara wenziwe walipiga makelele ya furaha. Mara ya nne mpira uliponyoka ukaingia kwenye dimbwi lililoachwa na bahari. Tahiya aliufuata bila ya kutazama chini, akakanyaga mnyama mweusi mwenye miiba mirefu kama sindano.

Bi Nunu alimkalisha juu ya gunia la mwani, akampaka utomvu wa papai bichi, kama wafanyavyo watu wa pwani ile, akaitoa miiba mmoja mmoja. Kisha akauinua mguu wa kushoto, akautazama kwa muda.

"Mmoja umekatikia ndani, hapa chini ya kidole gumba. Huu hautoki kwa papai, mwanangu. Ukifika mjini mwambie baba yako akupeleke hospitali."

"Haya, shangazi. Nitamwambia."

Hakumwambia. Alijiuliza: nikisema, si nitaulizwa nilikuwa nafanya nini pwani? Na nikiachwa safari, nitautazama vipi mtaa? Akavaa soksi nene, akajizoeza kukanyagia ukingo wa mguu. Alipoulizwa hali na mwalimu wake Jumapili, alijibu, "Mzima, Mwalimu."

Jumatatu timu ilicheza mechi ya majaribio na wavulana wa skuli moja ya mjini. Wavulana walikuja wakijitapa.

"Leo tunakupeni kumi, mkirudi mkapike!" alisema mmoja wao.

"Na nyinyi mkifungwa msende kulia kwa mama zenu," alimjibu Radhiya, msichana wa Bububu, ambaye alicheza beki bega kwa bega na Tahiya. Radhiya alikuwa na ulimi mwepesi na miguu mepesi zaidi, na hakuna aliyekuwa akizielewa nyendo za Tahiya kama yeye.

Kipindi cha pili mpira mrefu ulipigwa nyuma ya Tahiya. Alitakiwa kugeuka kwa mguu wa kushoto na kuufukuzia. Alipoukanyagia, maumivu yalimpanda mpaka kwenye goti, akabaki amesimama. Mvulana akampita. Radhiya alipoona hivyo alimwacha mtu wake akakimbia kuziba pengo. Mpira ukatolewa kwa yule aliyeachwa, naye akafunga kwa urahisi. Baada ya muda mfupi jambo lile lile lilitokea tena, na bao la pili likaingia kwa njia ile ile.

Mechi ilipokwisha Bi Sichana aliwaita.

"Radhiya, nani kakwambia uache nafasi yako? Si mara moja, mara mbili!"

"Mwalimu, nilimuona Tahiya kama kwamba..."

"Nilimuona Tahiya kasimama mahali pake. Tahiya, ulimwita mwenzako aje kukusaidia?"

Tahiya aliusogeza mguu wake wa kushoto nyuma ya wa kulia.

"Hapana, Mwalimu. Sikumwita."

Neno hilo lilikuwa kweli tupu, kwani hakumwita. Lakini alilitumia kwa kazi ya uongo, na mwenyewe alijua.

"Beki asiyekaa mahali pake siwezi kumpeleka Lusaka," alisema Bi Sichana. "Radhiya, kesho nitasoma majina ya wanaosafiri. Usilitarajie lako."

Radhiya hakulia. Aliinama akavua viatu, akavigongagonga kutoa mchanga. Kisha akamgeukia Tahiya.

"Nilikuja kukuzibia. Hukuona?"

"Sikuona."

"Basi leo miye ndiye kipofu," alisema Radhiya, akauchukua mkoba wake akaenda zake.

Jioni ile nyumba ya akina Tahiya ilijaa furaha. Majirani walileta mikate ya kumimina na visheti vya safari. Baba yake, Bwana Khelef, karani wa bandarini, alikuwa akipokea pongezi mlangoni kama mtu anayemuoza binti yake. Tahiya alijitenga chumbani kusali Magharibi. Alipokwenda sijida na vidole vyake vya miguu vikakunjika sakafuni, maumivu yalikuwa makali hata akasahau alichokuwa akikisoma. Akaanza tena, akasahau tena. Aliona wazi kwamba si mguu peke yake uliokuwa ukimsahaulisha.

Alipotoka alimsikia baba yake akizungumza na jirani.

"Nimesikia yule mtoto wa Bububu keshaachwa. Masikini! Wamesema hakushika nafasi yake," alisema jirani.

"Ndiyo mpira, bwana. Anayekosea huachwa."

Tahiya alisubiri mpaka jirani akaaga. Kisha akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, aliyekosea si Radhiya. Ni mimi."

Akamweleza yote: mpira wa pwani, mwiba, soksi nene, na lile neno la kweli lililokuwa uongo. Bwana Khelef alimsikiliza bila ya kumkatiza. Mtoto alitarajia kugombezwa. Baba alivaa kofia yake tu.

"Mwalimu wako anakaa Kikwajuni, si ndiyo? Vaa buibui lako twende, kabla ya Isha."

"Lakini, Baba, mtaa wote umeshaleta vyakula. Nikiachwa?"

"Vyakula vitaliwa. Twende."

Bi Sichana aliwapokea barazani. Baada ya salamu alimtazama mwanafunzi wake alivyokuwa akikanyagia ukingo wa mguu, na kabla hajaambiwa neno alikuwa ameshafahamu nusu. Nusu iliyobaki aliisikia kutoka kinywani mwa Tahiya.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Umekuja kwa sababu mguu unakuuma, au kwa sababu Radhiya kaonewa?"

"Kwa yote mawili, Mwalimu. Mguu ningeliweza kuendelea kuuficha. La Radhiya halikufichika."

Bi Sichana alimwashiria akae, aupumzishe mguu.

"Na mimi nina langu," alisema. "Mtoto alitaka kujieleza nikamkata kauli. Kesho nitalitengeneza langu mbele ya timu, na wewe utalitengeneza lako. Sitakusemea. Ulinyamaza mbele ya watu, utasema mbele ya watu."

Asubuhi, Mnazi Mmoja, wachezaji walikaa nusu duara. Bi Sichana alimuomba Radhiya radhi kwa kumhukumu bila ya kumsikiliza. Hilo lilikuwa jambo ambalo watoto wale hawakuwahi kuliona kwa mtu mzima. Kisha akampisha Tahiya. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini yalitoka yote. Alipomaliza, Radhiya alisimama, macho yamemuiva.

"Ungelisema jana ningelilala! Nimekesha nikijiuliza nimekosea wapi. Mama yangu kanipa maji ya zamzam ninywe nitulie!"

"Nisamehe, Radhiya."

"Nimekusamehe. Lakini visheti vyenu mtaniletea, na si kidogo." Wenzao wakacheka, na yeye mwenyewe mwishowe akacheka.

Siku ile ile Tahiya alipelekwa hospitali. Daktari aliuchanja mguu, akatoa kipande cheusi cha mwiba, na usaha kidogo ukafuata.

"Ungelikwenda nao safari," alisema daktari, "mwiba ungeliingia kwenye kiungo, na huenda usingecheza tena mwaka mzima. Mficha maradhi, kilio humfichua. Utapona, lakini mechi ya kwanza huchezi."

Majina yaliposomwa, jina la Radhiya lilikuwa la kwanza, na kitambaa cha unahodha alipewa yeye. Jina la Tahiya lilisomwa la mwisho kabisa.

"Unakwenda," alimwambia Bi Sichana, "kwa sababu ulikuja mwenyewe kabla hujatafutwa. Unahodha umeupoteza, kwa sababu ulichelewa."

"Naam, Mwalimu," alijibu Tahiya, na hakuomba kupunguziwa.

Lusaka kulikuwa na baridi ambayo watoto wa Unguja hawakuijua. Mechi ya kwanza wimbo wa Zanzibar ulipigwa, na bendera yao ndogo ikapepea miongoni mwa bendera za nchi kubwa. Tahiya alikuwa benchi, kazi yake kugawa maji, na alipiga makelele ya kuwatia moyo wenzake mpaka sauti ikamkauka. Walitoka sare, na watu waliokuwa hawajui Zanzibar iko wapi wakaanza kuuliza.

Mechi ya pili Zanzibar ilikuwa mbele kwa bao moja, na muda uliobaki ulikuwa mchache. Wapinzani walishambulia kama mvua ya masika. Ghafla Radhiya, nahodha, aliinua mkono.

"Mwalimu! Paja limekaza! Siwezi kugeuka!"

Washabiki walisikitika, maana alikuwa amecheza kuliko wote. Lakini Bi Sichana hakusita hata kidogo. Alimtazama Tahiya, ambaye daktari wa timu alikuwa ameshamruhusu.

"Ingia."

Kwenye mstari Radhiya alivua kitambaa akamfunga mwenzake mkononi.

"Yule namba saba hupenda kupita kushoto," alimnong'oneza. "Usimpe njia. Na usinifanye nijute kwa kusema ukweli!"

Namba saba alijaribu kupita kushoto, kama Tahiya alivyoambiwa, akakuta njia imezibwa. Mpira mrefu ukapigwa nyuma ya beki. Tahiya aligeuka kwa mguu wa kushoto, mguu ukamshika barabara, akaufukuzia mpira akautoa nje. Ukaja wa pili, akautoa. Ukaja wa tatu juu kwa juu, akaruka akautoa kwa kichwa. Filimbi ya mwisho ilipolia wasichana wa visiwa viwili walikuwa wameishinda nchi ambayo mkoa wake mmoja tu ulikuwa na watu wengi kuliko Unguja na Pemba pamoja. Walikumbatiana, wakasujudu nyasini kumshukuru Mungu.

Usiku kabla ya chakula Bi Sichana aliwataka wanyamaze. Radhiya alikuwa amenyoosha mguu wake juu ya kiti, umefungwa barafu.

"Leo mmenifurahisha," alisema Bi Sichana, "na si kwa bao. Nchi kubwa ina wachezaji wengi. Mmoja wao akificha ugonjwa wake au kosa lake, wengine humfunika na mambo yakaendelea. Sisi hatuna wingi huo. Sisi ni wachache, na wachache hutegemeana kama mawe ya ukuta: moja likiwa bovu ndani, lililo jirani nalo ndilo linaloanguka. Tahiya alificha, na aliyekuwa karibu kuanguka ni Radhiya. Leo Radhiya hakuficha, na ukuta umesimama. Anayesema ukweli juu ya udhaifu wake huwapa wenzake nafasi ya kumsaidia. Anayeuficha huwabebesha mzigo wasioujua. Shikeni hilo uwanjani, na mlishike zaidi siku mtakapokuwa mama, wauguzi, mahakimu na walimu."

"Naam, Mwalimu," waliitikia wote.

"Vizuri. Sasa kuleni mshibe, mlale mapema. Kesho kutwa tunacheza tena, na hatukuja huku kutembea."