Bima Kwanza, Maharagwe Baadaye

Doreen Thibodeau alihamia Maine kutoka New Hampshire, majimbo mawili jirani ya Marekani. Ni mwendo wa nusu saa tu. Milima ni ileile, theluji ni ileile, na kila Jumamosi aliendelea kupika maharagwe kama walivyopika kwao. Riziki yake ni mikono yake, kwani anakanda mikate dukani. Aliona hana sababu ya kubadili chochote, hata namba za gari. Bamba lake la namba za New Hampshire liliandikwa kaulimbiu ya jimbo, "Ishi huru au ufe", naye aliyashika maneno hayo kama sala.

Jirani yake, mzee Merle Hodgdon, zamani alikuwa karani wa mji. Akamkumbusha kuwa mgeni hupewa mwezi mmoja kusajili gari upya.

"Chukua hati ya umiliki na kadi ya bima," alisema. "Ulipe kodi ya gari ofisi ya mji, upate namba za Maine."

"Bima ya nini? Mimi sijagonga hata kuku."

"Kwenu si lazima, mama. Kila jimbo lina sheria yake. Hapa bila bima husajiliwi."

Doreen alifura. Miaka yote ameendesha bila kumlipa mtu, leo jimbo la jirani limkabe koo! Huo ni wizi wa mchana kweupe, akasema. Mzee akamuuliza jambo moja tu.

"Na ukigongwa na mtu asiye na bima, nani atalipa hospitali?"

Doreen alikwenda kwa shingo upande, akakata bima, akalipa kodi. Bamba la zamani alilitundika jikoni, ili kila anayeingia ajue kwamba ameonewa.

Jumamosi moja kaka yake Normand alikuja kutoka New Hampshire kula maharagwe. Aliliona bamba, akacheka hadi machozi.

"Wamekufunga kamba, dada. Mimi bado niko huru."

Alipoondoka, alirudisha gari nyuma kwenye barafu bila kutazama. Likamwangusha Doreen aliyetoka kumuaga, mkono ukavunjika.

"Sina bima," Normand alisema, uso umemshuka. "Unajua kwetu si lazima."

"Uhuru wako umenivunja mkono mimi," Doreen alisema. Hasira yote aliyokuwa nayo kwa Maine ikamgeukia ndugu yake.

Mzee Merle aliita polisi, kisha akampigia simu wakala wa bima. Alimweleza Doreen kwamba bima ya Maine ni lazima imlinde mwenyewe pia, akiumizwa na dereva asiye na bima, hata akiwa kwa miguu. Na kweli, hospitali ililipwa, pamoja na mshahara wa wiki alizokaa bila kukanda.

Mkono ulipopona, Normand alibisha hodi Jumamosi. Harufu ya maharagwe ilimfikia mlangoni, lakini Doreen alisimama palepale.

"Iko wapi?"

Normand akatoa kadi mpya ya bima mfukoni. Doreen aliisoma mbele na nyuma, ndipo akampisha apite.