Kiti cha Kushoto

Siku aliyofariki Iddi ilikuwa Ijumaa kama Ijumaa nyingine yoyote pale Ukunda. Watu walikuwa wametoka msikitini, na wanawake wauza asmini walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta wakitunga vikuba vya kuvaa kifuani. Iddi alinunua kimoja, kama alivyonunua kila Ijumaa tangu amwoe Twaiba, akaenda nacho nyumbani. Twaiba ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na haya amenieleza kwa mdomo wake. Kama si yeye, nisingeyaamini.

Iddi alikuwa fundi wa magari huko Diani. Miaka tisa alikuwa akilifufua gari moja la spoti, jekundu, la viti viwili tu, ambalo mgeni mmoja aliliacha lioze chini ya miti akarudi kwao. Alilinunua kwa bei ya chuma chakavu. Tangu hapo, kila alichopata kiliingia mle: rangi, taa, vioo, na ngozi ya viti aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne, na vyumba viwili tu ndivyo vilivyokuwa na paa, tena la makuti yaliyooza. Mvua ikinyesha, sufuria zote za Twaiba zilikuwa sakafuni. Subira, mtoto wao wa pekee, ana miaka saba na ana pumu. Usiku wa mvua alikuwa akikohoa hata sisi majirani tunaamka.

Twaiba alilipa lile gari jina: mke mwenza. Alianza kwa utani. Utani ukaisha, jina likabaki.

Gari lilipokamilika, kila Ijumaa Iddi aliondoa turubali, akafungua mlango wa kushoto, akaita kutoka kwenye banda la gari. "Mama Subira! Vaa kikuba chako twende tuzunguke kidogo. Hata tukakitazame kisiwa cha Chale turudi."

Twaiba alimjibu kutoka jikoni, bila hata kugeuka. "Siku utakayoiezeka nyumba yangu, ndiyo siku nitakayopanda gari lako."

Ijumaa ile alijibu vivyo hivyo. Alisikia injini ikiwaka, ikanguruma kidogo, ikazimwa. Alijua kuwa Iddi anamngojea, na akamwacha angoje. Alikaanga samaki wake wote mpaka wakaisha, ndipo akatoka na upawa mkononi, amenuia kumtia maneno. Iddi alikuwa kwenye usukani, kichwa kimeegemea nyuma ya kiti. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi. Kikuba kilikuwa juu ya kiti kilicho kitupu. Injini ilikuwa inapoa, na chuma chake kilikuwa kikialika polepole: ta... ta... ta. Daktari alisema ni moyo.

Alizikwa kesho yake kwa wazazi wake, Mkongani. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo Twaiba aliliaga jeneza mlangoni akarudi ndani kukaa eda. Miezi minne na siku kumi: hatoki bila dharura, hapaki wanja, hatii hina, hagusi chochote chenye manukato. Hakuwahi kuliona kaburi la mumewe.

Wiki ya tatu alikuja Jaafar, mdogo wake Iddi, mtu mpole anayeendesha tuktuk. Alikaa kizingitini, macho chini.

"Shemeji, nisamehe kuyasema mapema. Yuko mtu Diani, Mulinge, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa akilitamani lile gari tangu marehemu yu hai. Bei anayotoa itaiezeka nyumba nzima kwa mabati, na Subira atasoma. Fungu langu la mirathi nimewaachia nyinyi. Mimi sitii neno. Wewe ndiwe wa kuamua."

Twaiba alijua kuwa shemejiye anasema kweli. Masika yalikuwa yanakuja, na kifua cha mtoto hakingoji mtu amalize kulia. Lakini neno "liuze" alishindwa kulitamka. Miaka tisa alikuwa akilichukia lile gari, na sasa ndilo mahali pekee duniani palipobaki na harufu ya Iddi, ile ya grisi na sabuni ya kipande. Kila alasiri alikuwa akienda bandani, akifungua mlango, akiingiza kichwa na kuvuta pumzi. Halafu analia. Nilikuwa nikimsikia.

"Niache nitoke eda kwanza, shemeji," alimjibu. "Kisha nitakuambia."

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, alikuta kikuba juu ya kiti cha kushoto. Asmini na rehani, vimetungwa siku hiyo hiyo, bado vina maji. Milango ya gari ilikuwa imefungwa, na funguo alikuwa amezivaa shingoni kwa uzi.

Twaiba angepaswa kukiacha pale. Yeye mwenyewe anakiri. Lakini alikichukua, akakipeleka puani, akakivuta kwa nguvu zake zote mpaka kichwa kikamzunguka. Usiku huo alikilaza juu ya mto wake.

Asubuhi mama yake, Bi Mwanapili, aliyekuwa amekuja kukaa naye edani, aliinusa harufu kabla hajafika kitandani. Alikiona kile kikuba, akashika kichwa.

"Twaiba! Uko edani, unamvalia nani kikuba?"

"Nimekiokota, mama."

"Wapi?"

Twaiba alimwambia. Bi Mwanapili hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akaishusha sauti mpaka ikawa pumzi tu.

"Mume akimletea mkewe kikuba, na mke akakipokea, maana yake ni nini?"

Kila mke wa pwani anajua maana yake. Maana yake ni ndiyo.

Ijumaa ya pili, akiwa anaanua nguo, alisikia sauti bandani. Ta... ta... ta. Alisimama na kanga ya mtoto mkononi. Alizijua sauti zile. Alisogea, akainua pembe ya turubali, akaweka kiganja juu ya boneti. Aliuondoa mkono upesi. Boneti ilikuwa ya moto.

Alimwita Jaafar pembeni, akamnong'oneza. "Shemeji, nakuomba usiwe ukiliwasha gari."

Jaafar alimtazama. "Nitaliwashaje? Betri yake niliitoa siku ya tatu ya matanga. Iko uvunguni mwa kitanda changu."

Tangu siku hiyo Twaiba alianza kuisoma mita ya kilomita kupitia dirishani. Alhamisi aliisoma. Ijumaa baada ya alasiri aliisoma tena. Ilikuwa imeongezeka kilomita sabini. Ijumaa iliyofuata, sabini. Na nyingine, sabini. Hakuna alama ya tairi mlangoni mwa banda. Turubali limefungwa kwa mafundo yake mwenyewe.

"Shemeji, kutoka hapa hadi Mkongani ni kilomita ngapi?" alimwuliza Jaafar siku moja, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Njia ile ya marehemu? Thelathini na tano. Kwa nini?"

Thelathini na tano kwenda, thelathini na tano kurudi. Iddi alikuwa akija kumchukua, anangoja, kisha anarudi peke yake. Twaiba aliogopa. Lakini uongo ni dhambi, na yeye aliniambia ukweli: hakuogopa sana kama alivyoona haya. Hata baada ya kufa, mtu yule alikuwa bado anamngojea na mlango wazi.

Mvua za kwanza zilikuja zikiwa zimebaki wiki mbili eda iishe. Makuti ya chumba cha mtoto yaliporomoka. Subira alilala siku tatu zahanati, anavuta pumzi kwa filimbi. Bi Mwanapili alimkunjia tu bintiye shuka za mtoto, zimelowa chapachapa, akamwekea mapajani.

Twaiba alitoka eda Jumatano. Wanawake walimwogesha, wakamvisha nguo mpya, na kandambili mpya za kijani. Jioni alimpigia simu Jaafar.

"Mwambie huyo Mulinge aje Jumamosi."

"Umeamua, shemeji?"

"Nimeamua." Na alipokata simu alilia mpaka kikwikwi kikamshika, maana alihisi kama anamzika mume mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake.

Kati ya Jumatano na Jumamosi kuna Ijumaa.

Aliswali alasiri. Bi Mwanapili alikuwa amelala. Subira alikuwa barazani akichezea vifuniko vya chupa. Twaiba alikwenda bandani, akaondoa turubali lote. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi. Kikuba kilikuwa juu ya kiti.

"Nimekuja kukuaga tu," alisema. "Hutaki kunisamehe?"

Akaushika ukingo wa mlango.

"Kila Ijumaa uliniita. Sikukaa hata siku moja."

Akakishika kikuba. Akaketi.

Ngozi ya kiti ilikuwa laini. Alipapasa mshono mmoja baada ya mwingine. Akafikiria vile vidole vinene vya Iddi na sindano. Mlango ukajifunga. Haukupiga kishindo. Ulifungwa taratibu, kama afungavyo mtu anayekupenda.

Mkanda ukamvuka kifua. Hakuuvuta yeye.

"Iddi," alinong'ona.

Injini ikawaka.

Banda halikusogea. Ukuta ulikuwa mbele yake, na ndoo, na ufagio. Lakini mita ilikuwa inakwenda. Tano. Kumi. Kumi na nane. Upande wa usukani harufu ikaja, grisi na sabuni. Hakugeuka. Alitaka kugeuka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuweza. Ishirini na saba. Thelathini na mbili.

Thelathini na tano.

Injini ikazimwa. Ta... ta... ta.

Ukuta haukuwapo tena. Palikuwa na mihogo, na udongo mwekundu, na kaburi lenye kibao cha mbao. Kando ya kaburi palikuwa na shimo. Jembamba. Limechimbwa vizuri, kingo zimekatwa sawa. Mlango wake ukafunguka. Twaiba akatoa mguu mmoja, akaukanyaga ule udongo. Ulikuwa baridi. Aliona raha. Raha ya mtu aliyefika.

Kwa mbali sana mtoto akakohoa.

Akakohoa tena, kile kikohozi kikavu kinachotafuta pumzi na hakiipati.

Twaiba alipiga ukelele, akaurarua mkanda kifuani, akajitupa nje. Aliangukia mchanga mweupe wa banda lake mwenyewe. Alikimbia hadi barazani, akamnyanyua Subira, akamwekea dawa ya kuvuta mdomoni, akamshika mpaka kifua kikatulia. Hapo ndipo alipojitazama. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili. Mwingine ulikuwa mtupu, umepakaa udongo mwekundu hadi kwenye kifundo.

Mulinge alifika Jumamosi na lori la kubebea. Alilizunguka gari, akachungulia ndani, akapiga mluzi.

"Madam, hii mashine ni safi. Huyu mzee alikuwa fundi, si mchezo."

"Alikuwa fundi," Twaiba alisema. "Nakuomba unitafutie kandambili yangu humo ndani. Ya kijani."

Mulinge na utingo wake waliinua mazulia, wakasukuma viti, wakamulika kwa simu. Haikuwamo. Twaiba aliinama dirishani mara ya mwisho kuisoma mita. Ilikuwa imeongezeka thelathini na tano. Gari lilikuwa limekwenda, halikurudi.

Lilipopandishwa kwenye lori alisimama wima hadi likaipinda kona. Kisha alikaa chini pale pale, juu ya alama ya mafuta, na mama yake akakaa naye.

Mabati yalipigwa ndani ya wiki moja, vyumba vyote vinne. Masika yakashuka kwa nguvu, na Subira akalala pakavu, hakohoi. Kila mtu mtaani alisema Twaiba amefanya la maana. Naye aliitikia, alishukuru, akaingia ndani.

Ijumaa moja Jaafar alipita kwa Twaiba akitoka Mkongani kufyeka nyasi kaburini. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Alikung'uta viatu mlangoni, akatoa kitu mfukoni.

"Shemeji, kule watoto hawana adabu. Nimekuta hii juu ya kaburi la kaka."

Ilikuwa kandambili ya kijani. Kwenye kigwe chake kilikuwa kimefungwa kikuba, na asmini zilikuwa bado nyeupe.

"Na udongo kando yake umetitia," Jaafar alisema. "Urefu wa mtu hivi. Nilijaza, nikatazama nyuma, umetitia tena."

Alipoondoka, Twaiba aliiweka kandambili kando ya mwenzake uvunguni. Alikaa kitandani, Subira amelala ubavuni pake, pumzi inakwenda bila filimbi. Nje palikuwa na baridi. Hakukuwa na jua siku nzima. Juu ya kichwa chake, katika mabati yale yaliyonunuliwa kwa gari, sauti ikaanza.

Ta... ta... ta.

Alipanda juu ya kitanda, akanyoosha mkono, akagusa. Bati lilikuwa la moto.

"Umeniezekea," alisema, na machozi yakamtoka. "Nimeona, Iddi. Ahadi ni yangu, siikatai. Lakini ningojee kidogo. Mtoto bado mdogo."

Mvua iliendelea kupiga. Lile bati likaalika mara moja tu, likanyamaza, na likaanza kupoa chini ya kiganja chake.